Bata Hafundishi Bendi

Tarrow, Texas
9 Januari 1956

Kwa mpwa wangu Roscoe,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na umevaa shati. Nasema shati kwa sababu shemeji yake Dada Ruby Mabry alikuona huko Los Angeles mwezi wa kumi na moja, naye ametuletea habari kwamba ulikuwa umelala chali jukwaani, kifua wazi, miguu juu kama mende aliyepuliziwa dawa, saksofoni mdomoni. Habari hiyo aliieleza kanisani mbele ya mama yako, na ile miguu akaionyesha kwa miguu yake mwenyewe.

Sisi huku hatujambo. Mama yako bado ana sukari na miguu inamvimba kila jioni, lakini ulimi haujavimba. Anamsumbua mchungaji kila Jumapili kwa sababu ya urefu wa mahubiri. Baridi imeua kabichi zangu zote. Mimi mzima, isipokuwa goti.

Santuri yako mpya imefika. Sikuitafuta. Kinyozi anayo kwenye mashine yake, nami bado nina nywele, kwa hiyo nimeisikia. Nilihesabu. Noti moja, mipigo arobaini na minane, noti ileile, kisha watu wanapiga mayowe, kisha noti ileile tena. Bata bukini akibanwa na mlango hutoa walau noti mbili. Nilikufundisha miaka sita, kuanzia klarineti mpaka saksofoni, ukaweza kusoma karatasi yoyote niliyokuwekea mbele, na hiki ndicho ulichokwenda kuwauzia watu.

Sasa nikuambie kilichonifanya nitumie stempu. Mwezi wa tano nastaafu, nitake nisitake. Ni miaka thelathini na moja tangu nianzishe bendi ya shule yetu ya Mtaa wa Prairie kwa tarumbeta mbili na ngoma iliyotoboka. Mwalimu mkuu, Bwana Whitlow, anasema naweza kupeleka jina la mrithi kwenye kikao cha wazazi, tarehe kumi na mbili Mei, nao watapiga kura. Nisipopeleka jina, bendi atapewa Kocha Dabney wa mpira. Huyo ameshatangaza kwamba anahitaji ngoma tu za kushangilia, na vyombo vyote vya kupuliza vifungiwe stoo kwa kuwa vinawamalizia wachezaji wake pumzi. Ni mtu anayedhani tromboni ni ugonjwa wa mifupa.

Ninayemtaka simheshimu, lakini simwoni mwingine. Wengine niliowafunza wamekufa, wamehama, au wamekuwa wahubiri. Wewe ndiye pekee unayeweza kusikia watoto arobaini wakipuliza pamoja na kumnyooshea kidole aliyekosea. Cheti chako cha ualimu, kile kilichomtoa mama yako jasho, bado kimo kwenye droo yake. Acha upuuzi urudi nyumbani. Nijibu kabla ya Pasaka.

Mjomba wako,
Erasmus Pinkard


Los Angeles, California
30 Januari 1956

Mjomba,

Barua yako nimeipata. Nimeisoma nikiwa nimevaa shati, tena la hariri. Mwambie mama nitampigia simu kwa jirani Jumapili ya kwanza ya mwezi. Mke wangu Claudine hajambo, yuko kwa dada yake.

Pole kwa kabichi. Kabichi nazo nadhani zilichoka kukusikiliza.

Unasema bata. Sasa hebu kumbuka, jina hilo nani alinipa? Nilikuwa na miaka kumi na minne, noti ikanikwama mbele ya kanisa zima siku ya Pasaka, nawe badala ya kufunika kombe ukasimama ukasema, "Samahanini ndugu, bata bukini ameingia kanisani." Watu walicheka wiki mbili. Vema. Leo jina hilo limeandikwa nje ya kumbi kwa herufi ndefu kukuzidi wewe: BATA LATTIMORE NA SAKSOFONI YAKE INAYOLIA. Nina koti la rangi ya dhahabu. Nina gari la Kadilaki. Nikiilalia chali ile noti moja, wanawake wanarusha kofia na wanaume wanalia kwa sauti, watu wazima, watu wa viwandani ambao hawajawahi kulia hata kwenye misiba yao. Je, wewe umemliza nani? Umepiga muziki wa gwaride miaka thelathini na moja kwa watu wanaokula kuku wa kukaanga wakikupa kisogo.

Unaniita nije nishinde chumba kimoja na watoto wanaotema mate ndani ya tarumbeta. Hapana, Mjomba. Bata hafundishi bendi. Mpe Kocha.

Watoto wako wangapi siku hizi?

Roscoe


Tarrow, Texas
20 Februari 1956

Kwa Bwana Bata Lattimore,

Barua yako imefika bila shikamoo. Nimeigeuza nyuma na mbele nikidhani labda imeandikwa nyuma ya karatasi. Haikuwapo. Hata hivyo marahaba.

Mama yako alikaa kwa jirani Jumapili ile kutoka kanisani mpaka giza, amevaa kofia yake. Simu haikulia. Anasema laini za California huenda ziliharibika kwa mvua. Nafurahi Claudine hajambo. Amekuwa kwa dada yake tangu barua yako ya mwaka juzi. Huyo dada atakuwa amechoka.

Umeuliza watoto, nami nakujibu kama mtu mwenye adabu. Wako arobaini na mmoja, kutoka nyumba thelathini na tatu. Vyombo ni ishirini na tisa. Kwa hiyo wanapokezana, na midomo ya tarumbeta tunaichemsha kwenye sufuria ya mama yako kati ya kundi na kundi. Mabinti wawili wa Ruby Mabry wana klarineti moja. Mmoja hupuliza Jumatatu na Jumatano, mwenzake Jumanne na Alhamisi, na Ijumaa wanagombana. Mkubwa ana sikio. Akisikia kosa anakunja uso kama ulivyokuwa ukikunja wewe kabla hujaharibika.

Unajisifia noti moja. Nani alikusimamisha nyuma ya kanisa, uso ukutani, ukashika noti moja mpaka kengele ya saa igonge, ndipo ukaruhusiwa ya pili? Kila mtoto wangu anaanza hivyo. Ile noti unayowauzia walevi ni yangu, Roscoe. Nilikupa uanzie hapo. Nawe umekaa hapohapo miaka kumi na minane, ukaweka koti la dhahabu juu yake. Debe tupu haliachi kuvuma.

Tena kinyozi ameiondoa santuri yako. Ameweka ya kijana mmoja mwenye gitaa. Nilimuuliza kwa nini, akasema, "Profesa, watoto hawataki tena saksofoni." Nakuambia hili bila furaha. Au kwa furaha kidogo.

Nauliza tena, na sitauliza mara ya tatu. Nikilikosa jina lako tarehe kumi na mbili Mei, vyombo ishirini na tisa vinaingia stoo. Utakuja?

Mjomba wako,
E. Pinkard


Kansas City, Missouri
27 Machi 1956

Mjomba,

Barua yako ilikwenda Los Angeles kwanza, ndipo ikaletwa huku, ndiyo maana nimechelewa. Niko hotelini, chumba kina dirisha kubwa na wahudumu wananiletea supu kitandani. Ndivyo wanavyoishi watu mashuhuri.

Uliza mara ya tatu au ya mia, jibu ni lile lile, na safari hii nitalieleza ili ulielewe. Ni kwa faida ya nani niache dunia nije huko? Baba za hao watoto wanabeba magogo kwenye kiwanda cha mbao. Mama zao ni wafua nguo za wazungu. Na watoto wenyewe watabeba magogo na kufua nguo, wapulize klarineti wasipulize. Unawadanganya, Mjomba. Umewadanganya miaka thelathini na moja, unawavisha kofia yenye unyoya wanajiona majenerali, kisha Jumatatu wanarudi kwenye beseni. Ruby Mabry hajui tofauti ya klarineti na mguu wa kiti. Mpe moja aende nayo nyumbani, atakorogea sabuni.

Heri nipulize chooni mwa baa mpaka nife kuliko kuwapungia kijiti watu wa namna hiyo. Wafungie vyombo stoo. Wala hawatagundua.

Msalimie mama. Mwambie simu ya hapa ni mbovu.

Roscoe


Tarrow, Texas
14 Mei 1956

Roscoe,

Kikao kilifanyika Jumamosi. Bendi amepewa Kocha Dabney. Wazazi wote waliokuwapo walinyoosha mkono, na vyombo vinaingia stoo shule ikifungwa.

Mama yako anakusalimu. Mimi sina la kuongeza, na sihitaji barua nyingine kutoka kwako.

E. Pinkard


Kansas City, Missouri
18 Juni 1956

Shikamoo Mjomba,

Natumaini wewe na mama hamjambo, na goti limetulia. Nimehamia kwa mpishi mmoja mwema anayenipangisha chumba cha nyuma, kwa hiyo huenda umeandika na barua imepotelea njiani. Sijapata neno kutoka kwako tangu ile ya Februari.

Nataka kukueleza kitu, naomba usinikatize. Najua barua haikatizwi, lakini wewe unaweza.

Tarehe tatu Machi nilikuwa nikipiga katika baa moja ya hapa. Kuna kitu watu wanakidai siku hizi, usipokifanya hujapiga: unapanda juu ya kaunta na saksofoni, unatembea kutoka mwisho mmoja hadi mwingine unapuliza, wahudumu wanaondoa glasi mbele ya viatu vyako. Nimefanya hivyo miaka saba. Sitazami hata chini. Nainua kichwa, nafumba macho, nashika ile noti. Basi, kaunta zote zina kipande kinachoinuliwa ili mhudumu aingie na kutoka. Usiku ule mtu alikiinua apitishe barafu, akasahau kukirudisha. Nikakanyaga hewa.

Saksofoni iligonga ukingo kabla yangu, nayo ilikuwa mdomoni. Meno sita ya juu yalitoka, na taya likavunjika mahali pawili. Wateja walipiga makofi, Mjomba. Walidhani ni sehemu ya onyesho. Kuna bwana alipiga kelele, "Rudia!"

Sipulizi tena. Wamenipa meno ya bandia, lakini nikiuma mdomo wa saksofoni yanacheza, sauti inayotoka hata wewe huna tusi lake. Kadilaki ilikwenda zamani, kabla ya hapo. Kumbi zilikuwa zimeshaanza kunikataa kwa sababu ya hao wa magitaa. Claudine aliondoka mwaka juzi, ulijua.

Barua yako ilinifikia hospitali, si hotelini. Mdomo ulikuwa umefungwa kwa waya, muuguzi ndiye aliyenisomea. Ilipofika pale pa mabinti wawili na klarineti moja alisimama akasema, "Huyu mzee anakupenda sana." Nikadhani umeshapata habari kwamba kumbi zinanikataa, unaniita kwa huruma. Nikachukua kalamu nikaandika yale. Nilitaka neno moja tu liwe baya kuliko hali yangu. Hayakuwa maneno ya kweli. Au yalikuwa ya kweli juu yangu, nikayabandika juu ya wengine.

Mwalimu wa bendi hahitaji meno. Anahitaji sikio, nalo bado ninalo. Kama kikao kiliahirishwa, au kama umeshindwa kupata mtu, naomba kazi hiyo. Kama ipo ya kuwa msaidizi, naomba hiyo. Nitachemsha midomo ya tarumbeta.

Mwanao,
Roscoe


Tarrow, Texas
2 Julai 1956

Mpwa wangu,

Barua yako ilinikuta ninakula. Sikumaliza chakula. Pole. Sikujua, na hakuna aliyetuambia. Mama yako sijamweleza kuhusu meno. Nimemwambia unakonda.

Kikao hakikuahirishwa. Nilikuandikia kwa anwani ya hoteli kwamba bendi amepewa Kocha. Sikukuandikia jinsi alivyoipata, na leo sina budi.

Sikuwa na jina la kupeleka. Ningeweza kusimama nikasema tu sina mtu. Nikaogopa wataniona mzee aliyeachwa na damu yake mwenyewe. Basi nilisimama na barua yako. Nilitaka wakucheke wewe wasinihurumie mimi. Niliisoma yote, Roscoe, kwa sauti ile ninayoongozea gwaride, na sehemu nyingine nikakuigiza. Kwenye supu ya kitandani walicheka. Kwenye magogo wakacheka kidogo. Nilipofika kwenye wafua nguo kicheko kikakatika, na hapo ningeweza kuruka mistari. Niliiona kwa macho yangu iliyofuata, nikaisoma. Nilikuwa na hasira tamu, sijui nikuelezeje.

Ruby Mabry hakuwa amecheka tangu mwanzo. Aliinuka, akachukua klarineti mikononi mwa binti yake mkubwa, akaja nayo mbele akaiweka juu ya meza yangu. Akasema, "Kikorogeo chako cha sabuni hicho hapo, Profesa." Akatoka na mabinti zake wote wawili. Kisha Bwana Whitlow akaita kura, na kila mkono ukamwinukia Kocha. Hawakumchagua yeye. Walitukataa sisi.

Nimefundisha watu hawa, na watoto wao, miaka thelathini na moja, nikawatukana kwa maneno ya mtu mwingine kwa dakika nne. Naona haya. Sijawahi kuandika neno hilo.

Erasmus


Kansas City, Missouri
9 Julai 1956

Mjomba,

Nimeisoma mara tatu, kila mara natumaini imeandikwa tofauti.

Barua ilikuwa na jina lako juu ya bahasha. Erasmus Pinkard. Haikuandikwa Ruby Mabry. Mwanamke huyo alinipa viatu vya mumewe niende navyo chuoni! Nilimtukana gizani, kitandani, mbele ya mtu mmoja niliyejua atanitukana na yeye yaishe. Ndiyo desturi yetu, mimi na wewe, tumeishi nayo tangu nina miaka minane. Wewe ukaichukua desturi yetu ukaitoa nje barabarani bila nguo.

Mzee mwovu. Ulinicheka kanisani nikiwa mtoto, na miaka sabini hii bado unatafuta watu wa kunicheka nao. Unasema nilipotea kwa walevi. Walevi hawakuwahi kunisomea barua zangu.

Nimeandika mpaka hapo nikaenda kutembea, nimerudi. Nilitaka kuchana karatasi. Siwezi, kwa sababu hata nikuite mwovu mpaka kesho, yale maneno si yako. Wewe ulitoa sauti tu.

Watoto wanafanya nini sasa?

Roscoe


Tarrow, Texas
16 Julai 1956

Mpwa wangu Roscoe,

Nina miaka sitini na mitano, si sabini. Mengine yote uliyoyaandika ni sawa.

Watoto hawafanyi kitu. Jana nilipita kwa akina Mabry, binti mkubwa alikuwa kwenye kibaraza anamenya maharage, vidole vyake vinabonyeza ganda kama klarineti. Aliponiona aliingia ndani.

Nimekwenda kwa Bwana Whitlow. Sikwenda kwa kiburi, kwa hiyo hakunitambua mara moja. Anasema Kocha mwenyewe haitaki bendi, aliichukua kwa kuwa aliamriwa. Wakipatikana wazazi wa nyumba ishirini watakaotia sahihi kabla ya tarehe ishirini Agosti, atafungua stoo na atakuajiri wewe kwa cheti chako. Ishirini kati ya thelathini na tatu.

Nilianza peke yangu. Nyumba nane. Walinikaribisha, wakanipa maji, wakasema watafikiri. Hakuna aliyetia sahihi. Ruby Mabry hakunipa maji. Alisimama mlangoni, mikono ina povu mpaka kwenye viwiko, akaniuliza, "Profesa, umekuja na karatasi. Mwenye maneno yuko wapi?" Nikasema yuko Missouri, hana meno. Akasema, "Basi aje ayaseme bila meno." Akafunga mlango.

Njoo kwa basi la Alhamisi. Utalala kwangu, kwa sababu mama yako akiuona mdomo wako kabla hajaandaliwa ataanguka. Hutapumzika. Ijumaa asubuhi tutatoka kwa miguu, nyumba kwa nyumba, zote thelathini na tatu, hata tukishapata ishirini. Wewe uliandika, mimi nilisoma, kwa hiyo tutasimama mlangoni wote wawili na kila mmoja atajibu la kwake.

Tutaanza kwa Ruby Mabry. Utasema wewe kwanza.

Mjomba wako,
Erasmus